Sifa za Tambara la Deki

Dodoma haikosi vya kusifiwa. Kuna zabibu, kuna Mji wa Serikali pale Mtumba, na tangu 2024 kuna treni ya umeme inayomshusha mtu wa Dar es Salaam kabla hajashiba usingizi. Kila kimoja kimepigiwa makofi na kupigwa picha. Mtumishi mmoja tu amesahaulika, naye huripoti kazini kabla ofisi yoyote haijafunguliwa: tambara la deki. Itifaki ikiwa imezingatiwa, nasimama kulisifu.

Nianze na nasaba, maana anayesifiwa huulizwa kwao. Tambara halizaliwi tambara. Lilikuwa taulo la zawadi ya harusi, au shuka la wageni, au fulana ya kampeni iliyogawiwa bure uwanjani, sura ya mgombea ikitabasamu kifuani. Fulana ikififia huvaliwa shambani, baadaye hulaliwa, mwishowe hupasuliwa ubavuni na kukabidhiwa wadhifa wake wa kudumu. Imeshushwa vyeo vyote hivyo bila kuandika barua hata moja ya malalamiko. Na yule mgombea aliyeahidi kufika kila nyumba, hapo ndipo anapotimiza: anafika mpaka uvunguni.

Kituo chake cha kazi si chepesi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya upepo. Mwaka 1973, mwaka uleule ilipoamuliwa kwamba makao makuu yahamie huku, Serikali ilianzisha pia Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu udongo ulikuwa unakwenda na maji na kuacha makorongo. Kondoa hali ilikuwa mbaya hata mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo la mmomonyoko ili ardhi ipumue. Watumishi wa wizara walianza kuhamia kweli baada ya tangazo la 2016. Vumbi lilikuwa limeshahamia zamani, tena bila posho ya uhamisho. Halikuomba nyumba, lilipita kwenye nyavu za madirisha likajipangia lenyewe.

Wazee wa Kigogo waliishi nalo vizuri. Sakafu ya tembe ilikuwa ya udongo, ikinyunyiziwa maji na kufagiwa, na vumbi lililoingia humo lilikuwa limerudi kwa ndugu zake. Tulioleta ugomvi ni sisi wa Ilazo na Kisasa, wenye marumaru nyeupe kutoka viwanda vya Mkuranga na Chalinze. Piga deki saa mbili asubuhi. Ikifika saa nne, mtoto anaandika jina lake sakafuni kwa kidole.

Kwa ugomvi huo tukaajiri mtaalamu: mopa ya kuzungusha, yenye kichwa cha nyuzi na ndoo yenye kikapu cha kukamulia. Muuzaji sokoni alimwaga soda kwenye kipande cha tailizi, akachovya, akazungusha, akapitisha mara moja. Kukawa kweupe. "Baba, na hii mgongo unapumzika kabisa." Wazo lenyewe lina heshima yake. Thomas Stewart, Mmarekani Mweusi, alipata hataza ya dekio lenye kibanio mwaka 1893. Manuel Jalón, mhandisi wa ndege wa Hispania, akaja mwaka 1956 na dekio la mti na ndoo ya kukamulia, wanawake wa kwao wapate kuacha kupiga magoti sakafuni. Nawavulia kofia. Ila hakuna kati yao aliyewahi kupiga deki Nkuhungu mwezi wa tisa.

Nyumbani hapakuwa na soda, palikuwa na vumbi jekundu. Nyuzi zililowa, zikalibeba, zikalisambaza kwa mistari mizuri ya nusu duara ambayo ilipokauka ilionekana kuanzia mlangoni. Kichwa cha mopa ni cha mviringo, pembe za chumba si za mviringo, na hawakuelewana. Kikapu kilipozungushwa kilirusha matone ukutani. Chumba kimoja tu, na maji ya ndoo yalikuwa uji wa ulezi, yakitaka kubadilishwa katika mji ambao maji ya visima vya Mzakwe huja kwa zamu. Mwishowe mchanga ukaingia kwenye kitako cha kikapu. Kikapiga kelele, kikagoma.

Tambara halina mgomo. Nusu ndoo inalitosha. Linakamuliwa kwa mikono miwili mpaka mishipa ya kifundo isimame, linakunjwa mara mbili, na hapo lina nyuso nane. Ukichafua moja unageuza nyingine. Linaanzia ukuta wa mbali, linarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Penye pembe linaingizwa kwa kidole. Punje ya sukari au tone la chai lililoganda, ambalo mti wa mopa hauwezi kulihisi, mkono unalijua kabla ya jicho. Kazi ikiisha maji yanamwagiwa mpapai, tambara linatupwa kwenye ua, na jua la Dodoma linamaliza mengine. Halidai semina, wala chai ya saa nne, wala safari ya mafunzo nje ya nchi.

Najua lina maadui. Wanasema linanuka. Mtumishi yeyote ukimfungia kwenye ndoo, gizani, usiku kucha, atanuka. Wanasema linahamisha uchafu kutoka chooni hadi sebuleni. Huo ni uzushi: kila nyumba yenye heshima ina tambara la chooni, la jikoni na la sebuleni, na hakuna linalovuka mipaka ya idara yake. Ni muundo wa utumishi ulio wazi kuliko wa wizara nyingi. Wanasema, hatimaye, kwamba linavunja mgongo. Hapa ndipo nilipokuwa nimeandaa hoja yangu nzito kuliko zote, kwamba kuinama ni mazoezi, na kwamba watu hulipia gharama kubwa kwenye majumba ya mazoezi ili wainame vilevile.

Hoja hiyo niliisoma kwa sauti nikiwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, kama nilivyoamriwa na dada wa nyumbani, ambaye wakati huo alikuwa ameshafika katikati ya sebule. Alisikiliza bila kunyanyuka. Akakamua tambara, akaligeuza upande safi.

"Baba, sifa zote hizo lipe tambara. Mimi nitengenezee ile ya mti."

Mopa iko kwa fundi. Atakapoirudisha, dada atashika katikati ya nyumba yote akiwa amesimama wima. Pembe, ambazo mopa haiziwezi, nimepangiwa mimi na msifiwa wangu.