Mario Haheshimu Mvi

Kuna watu wazima, wengine na vitambi vyao na watoto wa sekondari, ambao wakimwona kijana kainamia simu lazima wasikitike: "Gemu zilikuwa zamani bwana. Kontra! Mario! Siku hizi mnacheza nini?" Watu hawa nina swali moja tu kwao. Mara ya mwisho mmezicheza lini?

Nauliza kwa sababu gemu hizo zimerudi mjini. Ziko kwenye simu, ziko kwenye kompyuta, ziko kwenye vile vidude vya kuchomeka nyuma ya TV, vyenye padi mbili na boksi lililoandikwa kwamba ndani mna gemu maelfu. Hayo maelfu yasikutishe. Ni uongo uleule wa kaseti zetu za miaka ya tisini, zile za "9999999 kwa 1", ambazo ukishuka kwenye orodha unakuta gemu chache zilezile zimebadilishwa majina, au zimeanzishiwa hatua ya tatu ili uone ni mpya. Nilinunua kimoja, nikatangaza nyumbani kuwa ni cha mtoto. Mke wangu alikitazama, akanitazama mimi, akarudi jikoni. Mtoto ana miaka kumi na moja na hajawahi kuomba kitu cha namna hiyo.

Tuanze na fundi bomba. Super Mario Bros. ilitoka Japani mwaka 1985, kazi ya Miyamoto Shigeru na Tezuka Takashi wa Nintendo, na gemu nzima, milima, kasa, muziki na makasri yake yote, ina ukubwa wa kilobaiti 40. Picha ya "Asubuhi njema" yenye maua ambayo shangazi anaituma kwenye grupu la familia kila alfajiri inaizidi. Jamaa walibana matumizi mpaka mawingu na vichaka ni mchoro mmoja: juu wameupaka nyeupe, chini kijani. Utotoni sikuliona hilo. Sasa nimeliona, na kila nikipita kichaka najua kuwa ni wingu limeshushwa cheo.

Halafu kuna saa. Kule juu kulia imeandikwa 400, nawe kwa ubinadamu wako unadhani ni sekunde. Si sekunde. Inakwenda mbio kuliko sekunde, na hizo 400 zote hazifiki dakika tatu. Ukifika katikati unatafakari namna ya kumpita kobe, muziki unabadilika, unaanza kukufukuza. Na kurudi nyuma hakuna; skrini inakusukuma mbele tu, sarafu uliyoipita umeipita. Mtu ambaye mchana kutwa kasukumwa na bosi, na jioni kasukumwa na konda, anakaa kwenye kochi lake mwenyewe aje asukumwe tena na skrini.

"Baba," mtoto akaniuliza kwa adabu zote, "mbona unaruka ukishakufa?"

Swali zuri, na jibu lake ni la kitaalamu. TV zetu za chogo zilikuwa zinaonyesha picha palepale inapoingia. Hizi bapa zinaipokea picha, zinaichakata, zinaipendezesha, ndipo zinakuonyesha. Kwa hiyo unachokiona kimeshapita. Ni sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini ukingoni mwa shimo sehemu hiyo ndiyo maisha yenyewe. Ndiyo maana pia ile bunduki ya kupigia bata haifanyi kazi kwenye TV za sasa: ilitegemea mwanga wa chogo utokee kwa wakati wake hasa. Basi nusu ya vifo vyangu naviandika kwa jina la TV. Hiyo nusu nyingine si ya kuzungumzwa mbele ya watoto.

Kinachoniudhi zaidi nimekijua ukubwani. Wachezaji mahiri wa dunia wanaimaliza Super Mario Bros. yote chini ya dakika 5. Dakika tano! Sisi tulikaa nayo miaka, likizo kwa likizo, tukiamini ni safari ndefu. Kumbe safari ni fupi, wameijaza mashimo. Angekuwa hafi mtu, kaseti ingekwisha kabla chai haijapoa, na nani angeinunua? Ugumu wote ule ulikuwa ni urefu wa bandia.

Za kwenye mashine za sarafu ndizo zilikuwa hazina hata haya, kwa kuwa kila ukifa mwenye mashine anapata. Capcom, mwaka huohuo wa 1985, walitoa Ghosts 'n Goblins. Shujaa ni Arthur, ana deraya ya chuma mwili mzima. Akiguswa mara moja, deraya yote inapukutika, anaendelea kupigana na mizimu akiwa na chupi. Hapo mtoto wangu alicheka mpaka akateremka kwenye kiti. Akiguswa mara ya pili ni mifupa. Na ukitoka jasho ukafika mwisho, ukamshinda mkubwa wao, unaambiwa kwamba yote hayo yalikuwa kiini macho, rudi mwanzo uanze tena. Mtu mzima mwenye marejesho ya mkopo hastahili kuambiwa maneno hayo saa tano usiku.

Bora Konami, wao walikuwa na aibu kidogo. Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Kwenye Contra ukibonyeza hivyo unapata maisha 30. Namba yangu ya NIDA sijaishika mpaka leo, lakini hiyo vidole vinaikumbuka vyenyewe. Siri ile aliitunga Hashimoto Kazuhisa wakati akiihamishia Gradius kwenye mashine ya nyumbani, mwaka 1986, kwa sababu ilimbidi aijaribu gemu na akaona inamshinda. Yaani mtengenezaji mwenyewe, ofisini kwake, akilipwa mshahara, ilimshinda! Halafu ikafungashwa, ikapelekwa kwa watoto.

Kidude changu kina huruma kuliko Hashimoto: kina kitufe cha kuhifadhi pale ulipofika, popote. Mtoto ndiye aliyekigundua, nikaona nimpe historia.

"Sisi hatukuwa nacho hicho."

"Kwa hiyo umeme ukikatika?"

"Unaanza upya."

"Na ukiitwa kula?"

Nikamweleza jinsi tulivyokuwa tunazima TV, tunaacha mashine inawaka, tunaifunika kitambaa ili babu yake asione ile taa nyekundu, halafu tunakula tukiombea isichemke. Aliniangalia kwa huruma ambayo sijazoea kuipata kwa mtu ninayemlipia ada.

Wa kuruka ruka niliyepatana naye ni mmoja, yule kijana wa Prince of Persia ya mwaka 1989. Jordan Mechner aliitengeneza kwa kumpiga video mdogo wake akikimbia na kuruka, kisha akachora mienendo ile picha kwa picha. Matokeo yake kijana anatembea kibinadamu. Ukimwambia asimame, anachukua hatua mbili ndipo anasimama. Ukimwambia apande ukuta, ananing'inia, anajivuta taratibu, anaweka goti, ndipo anainuka. Ni mhusika pekee wa utoto wangu anayekwenda kwa mwendo ninaouelewa. Bahati mbaya na yeye kapewa dakika 60 za kumtoa binti mfalme, na ukifa saa haisimami.

Basi nikasema niachane na mashimo ya kurukwa, niingie mashimo ya kushuka. Diablo, iliyoingia madukani mwaka 1996 ukiisha na 1997 ukianza, ina kijiji kimoja, Tristram, na chini ya kanisa lake kuna ngazi 16 za giza na mashetani. Kijana ndani yangu alikumbuka moto na radi. Mtu mzima aliona bili. Upanga unachakaa, unampelekea mhunzi, anataka hela. Umeokota pete hujui inafanya nini, mzee Cain anakusomea, vipande 100 vya dhahabu. Dhahabu yenyewe inajaza mkoba, kila kijisanduku kinabeba 5,000 tu, kwa hiyo ukifanikiwa huna pa kuweka dawa. Na shujaa hajui kukimbia: kutoka kanisani hadi pembeni mwa kijiji unamsindikiza kwa mguu kama mgonjwa.

Huko pembeni ndiko aliko Wirt, kijana mwenye mguu wa mti. Ana bidhaa moja. Ukitaka kuiona, unalipa 50 kwanza. Kuiona tu! Ukishaiona ndipo anakutajia bei ambayo hata mashetani wa ngazi ya 16 wangeomba punguzo. Nilipokuwa mdogo nilimwona mtoto wa ajabu. Leo, baada ya kuzungushwa mitaa ya Dar es Salaam nikitafuta nyumba ya kupanga na kulipia kila mlango niliofunguliwa, namfahamu vizuri. Ni dalali. Nilimlipa, nikaona shoka, nikaondoka nikisonya. Sauti ikatoka chumbani: "Baba Neema, unagombana na nani saa hizi?"

Wanasema Diablo ilikusudiwa iwe ya zamu, wewe unapiga, adui anapiga, kisha David Brevik na wenzake wakaigeuza iende mfululizo. Wakaiharibu kabla sijazeeka.

Kwa hiyo nimeishia kwa bibi yao wote, Rogue, ya mwaka 1980, iliyoanzishwa na Michael Toy na Glenn Wichman walipokuwa wanafunzi California. Haina picha. Wewe ni alama ya @, ile ya barua pepe. Joka ni herufi D, Z ni maiti inayotembea. Unashuka ngazi 26 kutafuta hirizi, na njiani unasikia njaa, ukikosa chakula unakufa. Ukifa umekufa, hata ulichohifadhi kinafutwa. Mtoto aliitazama kidogo, akauliza kama TV imeharibika.

Lakini sikilizeni, enyi wa rika langu. Kwenye Rogue hakuna kinachosogea mpaka usogee wewe. Joka limesimama mbele yako, mgeni akabisha hodi: unakwenda kufungua, unamkaribisha, chai inanywewa, habari za kijijini zinaulizwa moja moja, unamsindikiza hadi kituoni. Ukirudi, D bado iko palepale na haijakugusa. Unavaa miwani, unafikiri, unakimbia. Hakuna saa pale juu na hakuna muziki wa kukufukuza. Hata TV bapa haikudhuru.

Mario nimemkabidhi Neema, na hatua ya kwanza anaivuka huku akiongea na wenzake. Kidude kinauzwa, padi moja ina ufa kidogo ambao haukutokana na hasira. Anayekitaka aje akitazame. Kukitazama ni bure.