Moto Chini ya Shangazi

Wahandisi waliochora Volkswagen Beetle walikuwa na akili nyingi, ila hawakumjua shangazi yangu. Injini waliiweka nyuma, na betri wakaificha chini ya kiti cha abiria wa nyuma, upande wa kulia. Kiti chenyewe ni springi za chuma zilizofunikwa makumbi. Juu ya betri walitia kifuniko, na cha gari langu fundi mmoja alishakitupa, eti kinamchelewesha akija kuongeza maji ya betri.

Beetle ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1962, lakini sidhani kama dereva wake alipakia shangazi.

Siku moja ya harusi, hapa Tanga, Shangazi alipanda nyuma na kanga zake mpya, akajiweka sawa kwa heshima zake zote. Springi zikabonyea, zikagusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja. Kufika Ngamiani, harufu.

“Nani kafukiza udi?”

“Si udi, Shangazi, ni makumbi.”

“Nilijua tu. Udi gani wa bei ya kutupa namna hii!”

Halafu joto likamfikia. Gari lina milango miwili. Wa nyuma hatoki mpaka kiti cha mbele kikunjwe. Siku hiyo kilikunjwa na mumewe akiwa bado amekikalia.

Kijana mmoja akaja mbio na ndoo ya maji. Nikamzuia: bloku ya injini ile ni ya magnesiamu, na magnesiamu ikishashika moto, maji huuchochea. Tukakirusha kiti barabarani, tukakizima kwa mchanga, nikachomoa waya wa hasi.

Baadaye fundi umeme alipofungua kisanduku cha fyuzi, alicheka mpaka akakaa chini. Fyuzi za Beetle ni vijiti vya kauri vyenye utepe mwembamba wa chuma, nyeupe za ampea 8 na nyekundu za ampea 16. Mbili zilikuwa zimeviringishiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Aliyezifunga alikuwa akijisifu kijiweni kwamba fyuzi zake hazijawahi kukatika. Kumbe kazi ya fyuzi ni hiyo tu, kukatika! Ikigoma, waya ndio unaoungua kwa niaba yake.

Tena waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda swichi ya taa ulitoka kiwandani bila fyuzi yoyote. Fundi akautilia yake, jirani na betri. Kila tundu ambamo nyaya hupenya bati akalivisha mpira, bati lisije likazimenya. Akafunga swichi ya kukata betri, kifuniko kipya, na mtungi wa kuzimia moto karibu na mkono wangu.

Shangazi hakuridhika. Siku hizi anakaa mbele, anasema huko ndiko salama. Tangi la petroli liko mbele ya magoti yake, ng'ambo ya dashibodi, lakini mimi ni nani nimwambie?