Mizani ya Nyani na Miba ya Nungunungu

Kijiji cha wanyama kilikuwa na mizani moja kubwa, na mtunza mizani alikuwa Mzee Nyani. Kila jioni wanyama wote 60 walipanda kwa pamoja, Nyani akasoma uzito wao, kisha akakwea kichuguu kuutangaza. Ukizidi wa jana, ngoma zililia. Ukipungua, kijiji kililala mapema.

Mwaka mmoja mvua ikawa haba. Mto ulikauka kote isipokuwa bondeni kwa Tembo, penye chemchemi. Tembo akala, akanywa, akanawiri, huku Swala amebaki mbavu na Pundamilia hana nguvu za kufukuza nzi. Lakini mizani ilipanda, maana kilo alizoongeza Tembo zilifunika zote walizopoteza wenzake. Ngoma zikalia, na Swala akacheza, tumbo limeshikana na mgongo, kwa kuwa ametangaziwa kwamba kijiji kimeshiba.

Nungunungu hakucheza. Alikaa njiani akawauliza mmoja mmoja: "Leo umeongeza au umepungua?" Hakuuliza kilo ngapi. Kwa aliyeongeza alichomeka mwiba mchangani upande wa kulia, kwa aliyepungua upande wa kushoto. Siku ya kwanza kulia ilikuwa 22, kushoto 38: pungufu 16. Kesho yake pungufu 10, akaijumlisha na ya jana, ikawa 26. Siku ya tatu walioongeza walizidi kwa 4, pengo likarudi 22. Hesabu hiyo aliichora ukutani kwa mkaa, chini ya mstari wa Nyani. Wa Nyani ulipanda, wake ukazidi kuteremka.

Akaongeza swali la pili, na kwangu ndilo zito zaidi: ni wangapi walio juu ya wastani wa uzito wao wa siku 200 zilizopita? Mnyama aliyepata majani leo huongeza kidogo, kumbe bado amedhoofu. Waliokuwa juu ni tisa tu.

Akaenda barazani. "Shikamoo, Mzee Nyani. Mizani yako haisemi uongo. Inatwambia uzito wa kijiji, lakini haitwambii ni wangapi wanaokula."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lakini wewe wampa Panya mwiba mmoja na Tembo mwiba mmoja. Hiyo ni hesabu?"

"Ni hesabu ya vichwa, babu. Siombi mizani ivunjwe, naomba tusome zote mbili."

Fisi akadakia: "Basi tutajie siku atakayoanguka Tembo!"

"Siku siijui. Huenda mvua ikanyesha, miba ikahamia kulia, sote tukanawiri. Nijualo ni kwamba leo kijiji kizima kimesimama kwa miguu minne ya mmoja."

Wakamzomea. Misimu ikapita, Tembo akizidi kunenepa, na kila ngoma ilipolia walimkumbusha Nungunungu maneno yake. Kisha chemchemi ikakauka. Tembo akakonda, mizani ikaporomoka, na hapakuwa na mwingine wa kuishikilia.

Wanaofuatilia Soko la Hisa la Nairobi wanakijua kijiji hiki. Fahirisi ya NASI, inayopima kampuni zote kwa thamani zake sokoni, ilifunga mwaka 2014 karibu na 163 na mwaka 2021 karibu na 166. Kwa namba hiyo pekee, soko lilikuwa palepale. Lakini NSE 20, fahirisi ya kampuni 20 isiyompa mkubwa uzito wa ukubwa wake, katika muda uleule ilianguka kutoka takriban 5,100 hadi 1,900. Benki, viwanda vya saruji na kampuni za bima zilizokuwa zikikonda zilifunikwa na Safaricom, ambayo peke yake ilifikia zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima. Hisa yake ilizidi shilingi 40 mwaka 2021. Iliposhuka chini ya shilingi 15 mwaka 2023, NASI ilifunga mwaka huo karibu na 92.

Linaloniuma ni kwamba hesabu hii haikuwa siri. Bei za hisa hutolewa kila siku ya biashara, na orodha yote haizidi kampuni 70. Mwalimu mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake sokoni angeweza kuhesabu zilizopanda na zilizoshuka kwa kalamu na daftari, kabla chai yake haijapoa.