Lango la Mzee Kobe

Karakana ya wanyama ya kutengeneza masufuria, kule Kariobangi Light Industries, ilikuwa na milango minne: stoo ya vyuma, chumba cha oda, chumba cha barua na chumba cha mishahara. Kila mlango ulimtaka kila mfanyakazi ajiwekee neno la siri. Mama Mbuzi, aliyepita yote minne tangu alfajiri, alichoka kukumbuka, akayaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo. Korongo, aliyeleta vyuma chakavu kutoka Dandora, alijiwekea neno lile lile kila mahali. Panya akaisoma chaki usiku, vyuma vikaanza kupungua.

Lakini hasara kubwa ilitoka kwa Fisi, aliyeachishwa kazi akahamia Kayole. Stoo walimfuta jina, oda wakamfuta, barua wakamfuta, mishahara wakasahau. Miezi mitatu Fisi alijilipa.

Mzee Kobe akaomba aketi langoni. "Neno mtaniambia mimi, mara moja kila asubuhi. Nitawapa tiketi yenye muhuri wangu, inayokufa jua likizama. Milango itatazama muhuri tu. Neno lenu haitalisikia kamwe. Na atakayeondoka nitamfuta hapa, milango yote imkatae."

Ndivyo ofisi nyingi zinavyofanya sasa kwa programu zao za mishahara, barua pepe na bidhaa, na ndivyo akaunti moja ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, inavyomfikisha Mkenya kwenye pasipoti na leseni ya udereva. Naipenda hekima ya Kobe, na inanitia hofu pia: neno moja likiibwa, milango yote imeibwa.

Panya alilijua hilo. Jioni alimsimamisha Mama Mbuzi kando ya Outering Road. "Mama, nimetumwa na Mzee Kobe. Lango limeharibika, nipe neno lako nikuandikishe upya." Mbuzi akampa. Kulipopambazuka Panya alikuwa langoni, akajitaja kuwa Mbuzi, na neno lilikuwa sahihi. Kobe, ambaye macho yake ni hafifu, akauliza, "Na kengele?" Kila mfanyakazi alikuwa amepewa kengele ya shingoni yenye mlio wake peke yake. Panya akatimua mbio. Mama Mbuzi alipewa neno jipya asubuhi hiyo hiyo, wala hakukaripiwa, na hilo naliona jambo kubwa, maana anayekaripiwa leo kesho ataficha.

Kisha Kobe akaugua siku ya mishahara, na milango yote ikabaki imefungwa. Wakenya waliyaonja hayo Julai 2023, eCitizen iliposhambuliwa na huduma nyingi zikakwama kwa pamoja. Korongo akataka maneno manne ya zamani yarudishwe. Bundi akatoa bahasha aliyoachiwa na Kobe, yenye neno la dharura. Aliifungua mbele ya mashahidi wawili, wafanyakazi wakalipwa, na kabla ya jua kuzama neno lile likabadilishwa.