Lisifiwe Tope la Giakanja

Anayetaka kujifunza kuchimba mambo ya kale asidanganyike akakimbilia Turkana. Kule ardhi haina adabu, inajianika. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu alikuwa akijitembelea Nariokotome siku ya mapumziko, akaona chini kipande cha fuvu kilichofanana na kokoto. Kumbe ni mvulana aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. (Kwamba Kimeu alianza kama kibarua na alikuwa ameisugua kazi hiyo zaidi ya miaka 20, wenye wivu hawataji.)

Tope la Giakanja, huku Nyeri, halijidhalilishi hivyo. Udongo ni mwekundu, kigae cha chungu ni chekundu, tofali lililoanguka juzi ni jekundu, na ikigonga saa nne asubuhi mwanagenzi naye ni mwekundu. Amepewa mraba wa mita moja, mwiko wa mwashi, ndoo na brashi. Brashi ni pambo tu: mvua ya Aprili ikishanyesha, ukipiga brashi unapaka rangi. Kwenye chekeche mabonge yanagoma kupita. Unayasugua kwa viganja, yanazaa mabonge madogo yenye kiburi kilekile. Mwisho unabaki na mzizi wa mbuni, vijiwe, na kitu chenye mpindo kidogo. Kitie majini. Kikiyeyuka, kilikuwa Giakanja. Kisipoyeyuka, huenda ni mdomo wa chungu, na msimamizi atakinyakua kana kwamba wewe hukuwepo.

Tena lina huruma. Uchachu wake hula mifupa polepole, kwa hiyo mwanagenzi haumizwi kichwa na majina ya mbavu. Vyungu huvisaza. Ari Siiriäinen, Mfini, alipochapisha habari za Gatung'ang'a, hapa hapa Nyeri, mwaka 1971, vyungu vya pale vya Enzi ya Chuma vilipata jina vitabuni. Wapishi hawakupata.

Ila nalisifu zaidi kwa utunzaji wa siri. Wakati wa Hali ya Hatari watu wa huku walishurutishwa kuchimba handaki refu pembezoni mwa misitu, ili wapiganaji wa Mau Mau wasipate chakula. Wachimbaji hao nao walikuwa wanagenzi, bila chekeche, bila cheti. Kando ya handaki hilo, huku Tetu, kiongozi wa wapiganaji hao, Dedan Kimathi, alinaswa tarehe 21 Oktoba 1956. Waingereza walipofungasha, faili nyingi walizichoma, na nyingine kama 1,500 wakaondoka nazo. Serikali yao ilikiri kuwa nazo mwaka 2011, tena baada ya wazee wa Mau Mau kwenda mahakamani. Tope halikupanda ndege. Kambi ya kizuizini ya Aguthi iligeuka shule ya wasichana ya Kangubiri, mahandaki yakafukiwa yakapandwa mahindi, lakini udongo uliowahi kupinduliwa haurudi ulivyokuwa: ukutani mwa shimo unaonyesha mstari, huku rangi imefifia kidogo, huku mwiko unazama bila kusukumwa.

Basi vaeni gambuti mkachimbe. (Kibali kwanza, sheria ya makumbusho ya mwaka 2006 haitambui gambuti.) Shosho mwenye shamba atasimama juu ya shimo aulize mnapanda nini. Mwamkieni vizuri, kisha mumuulize handaki lilipita wapi. Atanyoosha fimbo, na mtajua mmeshinda wiki nzima upande usiofaa wa ua.