Mpeni Maua Yake Mzee 1=1

Wasomi wa kanzidata humbeza Mzee 1=1. Wanasema hajui kitu ila kutangaza kuwa moja ni sawa na moja, jambo ambalo mtoto wa chekechea hapa Sekei, Arusha, hahitaji kuambiwa. Basi nitajieni mwingine katika SQL, lugha iliyotoka IBM mwaka 1974, ambaye hajasema uongo hata siku moja.

Tazameni kazi yake. Kampuni ya utalii hapa mjini ina fomu ya kutafuta safari za Mlima Meru. Mteja mmoja anataka siku nne badala ya tatu, aanzie lango la Momella mwezi Julai. Mwingine anataja bei tu. Wa tatu hajazi chochote, anabonyeza "tafuta". Programu inaunga swali papo hapo kwa masharti yaliyopo. Sharti la kwanza linadai WHERE, yanayofuata AND. Ukiteleza unapata WHERE AND, na kanzidata inagoma. Mzee akishatangulia, WHERE 1=1, kila sharti linakuja na AND yake, bila kuulizana nani wa kwanza.

Ni yule abiria wa kuzugia pale stendi ya Kilombero: anakaa kwenye kifodi wengine waone gari linajaa, kisha anashuka kabla halijaondoka, na nauli halipi. Endesha EXPLAIN kwenye PostgreSQL uone mpango wa swali, Mzee humwoni, ameshashushwa.

Basi si Mzee anayekula muda wa kanzidata; wanaoula ni waheshimiwa. LIKE '%meru%' anaonekana mtanashati, lakini ile asilimia ya mbele inaifanya faharasa ya kawaida isifae kitu, jedwali zima likasomwa mstari kwa mstari.

Na ukarimu wa Mzee! Muweke kwenye DELETE, usahau masharti mengine, atakufutia jedwali lote bila swali hata moja. Mdogo wake, OR 1=1, huwafungulia wezi kila mahali ambapo maneno ya mteja yamebandikwa ndani ya swali badala ya kupitishwa kama vigezo. Kila ukoo una mtu wake.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mfumo ukiwa mzito usianze kwa kumfukuza Mzee. Pima kwanza kwa EXPLAIN ANALYZE, weka faharasa panapostahili, maneno ya wateja yapite kwenye vigezo. Mzee mwache akae, hali, hanywi.