Maombi ya Mtaala Rasmi wa Nauli za Treni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,
Serikali ya Uingereza,
London.

YAH: MAOMBI YA MTAALA RASMI WA NAULI ZA TRENI

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Pongezi kwanza. Tarehe 27 Septemba 2025 reli ya Stockton na Darlington ilitimiza miaka 200, na hakuna ubishi kwamba ni taifa lako lililowaonyesha walimwengu kuwa abiria anaweza kuvutwa kwa mvuke kutoka mji mmoja hadi mwingine na akafika salama. (Mbunge William Huskisson hakubahatika, aligongwa na treni akafa siku ya ufunguzi wa reli ya Liverpool na Manchester mwaka 1830, lakini tusichanganye arusi na matanga.) Nakuandikia kwa ajili ya wageni watarajiwa: mwalimu wa Tanga, muuguzi wa Mombasa, mfanyabiashara wa Kigali, watu waliojibana ili kwa mara ya kwanza waizunguke nchi yako kwa treni. Waanzie London, waione Bath, wapande hadi York, wafike Edinburgh, kisha washuke kurudi London kwa njia ya Liverpool. Ukitazama ramani ni safari nyepesi. Kisiwa si kikubwa, reli zipo, treni ni nyingi. Kazi inaanza pale mgeni anapouliza swali la kitoto: nauli ni shilingi ngapi? Mwaka 2018 umoja wa kampuni za reli wenyewe ulisema mfumo wenu una nauli zipatazo milioni 55. Kwa idadi hiyo, karibu kila mtu mzima nchini kwako angeweza kugawiwa nauli yake binafsi.

Ndiyo maana naomba mtaala. Wizara yako ichapishe kitabu cha kiada, iweke mitihani ya muhula, na mgeni atakayefaulu apewe cheti cha kumruhusu kukaribia dirisha la tiketi. Hili si dhihaka, Mheshimiwa, au tuseme si dhihaka tupu, kwa sababu ukichunguza namna nauli zenu zinavyopangwa utaona kwamba abiria hatozwi tu kwa umbali aliosafiri, kiti alichokalia au saa aliyopanda. Anatozwa pia kwa yale asiyoyajua. Chukua abiria wawili waliokaa bega kwa bega katika behewa moja, treni moja, saa ile ile. Wa kwanza kanunua tiketi moja kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari. Wa pili kanunua mbili: moja inaishia kituo cha katikati, nyingine inaanzia hapo hapo. Hashuki, hanyanyuki, hata miwani haivui. Ilimradi treni inasimama katika kituo hicho, masharti yenu ya usafiri yanamruhusu, na katika safari nyingi ndefu jumla ya tiketi zake mbili huwa ndogo kuliko ile moja ya jirani yake. Tofauti kati ya watu hawa ni kwamba mmoja kaambiwa siri na mwingine hakuambiwa. Mzaliwa wa Leeds huenda ameisikia kazini au kwa shemeji yake. Wa Tanga ataisikia kwa nani?

Kisha njoo kwenye kalenda. Najua viza si ya wizara yako, lakini ni ya serikali yako, na mgeni haoni mpaka unaotenganisha madawati yenu. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wanahitaji viza, na kwa kawaida maombi hupokelewa mapema kabisa miezi mitatu kabla ya safari, majibu yakichukua kama wiki tatu baada ya hapo. Tiketi zenu za bei nafuu, zile zinazomfunga abiria kwenye treni moja tu, kwa kawaida hufunguliwa kama wiki 12 kabla ya siku yenyewe, na ukishanunua fedha hairudi. Maana yake ni kwamba hata yule mwenye bidii, aliyewasilisha maombi siku ya kwanza inayoruhusiwa, atazikuta tiketi za bei nafuu zikifunguliwa huku pasipoti yake ingali mezani kwa ofisa. Akinunua, anacheza kamari na akiba yake. Akisubiri, anachagua katika masalia. Mwenyeji hana tatizo hilo, kwani yeye hahitaji ruhusa ya kwenda York.

Tuchukue mfano wa York na Edinburgh. Miongoni mwa kampuni zinazowachukua abiria kwenye njia hiyo zimo LNER na TransPennine Express. LNER imo mikononi mwa serikali tangu Juni 2018, na TransPennine tangu Mei 2023. Zote mbili, kwa hiyo, ni zako, Mheshimiwa. Hata hivyo tiketi ya bei nafuu ya mojawapo haikubaliki kwenye treni ya nyingine. Abiria akipanda treni ya serikali akiwa na tiketi ya serikali anaweza kuhesabiwa kuwa hana tiketi. Na tusisahau maandishi yanayotokea kwenye tiketi nyingine, yanayomruhusu abiria kupita njia yoyote inayokubalika. Ipi inakubalika? Hilo limeelezwa katika mwongozo mwingine kabisa, wenye ramani zilizopewa herufi za siri kama za jeshi.

Halafu kuna saa za msongamano. Ingekuwa jambo la kawaida kama zingekuwa saa zile zile kila mahali, lakini zinabadilika kutoka kampuni hadi kampuni na kutoka njia hadi njia, kiasi kwamba saa tatu asubuhi inaweza kuwa ghali katika stesheni moja na nafuu katika nyingine. Waskoti walichoka. Tarehe 1 Septemba 2025 ScotRail ilifuta nauli za msongamano moja kwa moja, na tiketi ya kwenda na kurudi kati ya Edinburgh na Glasgow, iliyokuwa pauni 32.60 saa hizo, ikawa pauni 16.80 wakati wote wa siku. Treni hazikuanguka. Kwa hiyo mgeni wetu akiwa Edinburgh anaweza kununua tiketi kama binadamu, na akirudi kusini mwa mpaka anarudi darasani.

Yote haya yangekuwa kero ya kawaida tu kama kosa lisingekuwa na adhabu. Tangu Januari 2023 faini ya kukutwa na tiketi isiyofaa nchini England imepandishwa kutoka pauni 20 hadi pauni 100, pamoja na nauli yenyewe. Ukilipa ndani ya siku 21 faini inapungua hadi nusu. Mwaka 2024 kijana mmoja alitishiwa kushtakiwa mahakamani kwa sababu kadi yake ya punguzo ilikuwa na sharti la nauli ya chini kabisa ya pauni 12 kabla ya saa nne asubuhi, sharti ambalo hakulijua. Tofauti iliyobishaniwa ilikuwa pauni 1.90. Tishio hilo liliondolewa baada ya kelele za umma, na Juni 2025 mamlaka yenu ya udhibiti wa reli ikatoa ripoti nzima kuhusu namna abiria wanavyochukuliwa hatua. Jambo lililokuwa zito zaidi lilitangulia hapo: Agosti 2024 Hakimu Mkuu wa England na Wales aliamua kwamba kampuni za reli zilikuwa zimewashtaki watu waliokadiriwa kufikia 74,000 kwa utaratibu wa haraka wa mahakama ambao sheria haikuruhusu utumike kwa makosa hayo, na hukumu za aina hiyo zikatamkwa kuwa batili. Nikiyaweka haya pamoja napata picha ya ofisi iliyotunga sheria za nauli ngumu kiasi kwamba abiria hawezi kuzifuata, nayo ilipofika zamu yake ya kufuata sheria moja tu ya mahakama, ikashindwa mara makumi ya maelfu. Mtihani huu, Mheshimiwa, hata msahihishaji ameufeli.

Utajibu, na jibu hili lina uzito, kwamba bei zinazobadilika ndizo zinazojaza viti. Bila kumtoza zaidi mfanyabiashara wa asubuhi, usingeweza kumpa mwanafunzi wa mchana tiketi ya bei ya kutupa. Ndege zimefanya hivyo kwa miaka mingi na hakuna anayeandika barua. Nakubali nusu. Bei inaweza kupanda kiti kinapogombewa na kushuka kinapokaa kitupu, na mgeni asiye na haraka anaweza kunufaika. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini treni ya saa mbili ni ghali kuliko ya saa sita. Haielezi hata kidogo kwa nini watu wawili kwenye treni ya saa mbili, waliokwenda umbali ule ule, walilipa tofauti kwa sababu mmoja alijua kukata tiketi yake vipande. Kiti hicho hakikugombewa zaidi kwa upande wa dirishani. Na kuhusu ndege: ni nadra mtu kupanda ndege isiyo yake kwa bahati mbaya, kwa sababu mlango haumruhusu. Reli yenu inaacha milango wazi, kisha inamtuma mkaguzi njiani.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi simu inafanya hesabu zote hizo. Kweli, zipo programu zinazokata tiketi vipande kwa niaba yako, na baadhi yake huchukua sehemu ya kile ulichookoa. Yaani fundo limekuwa biashara: mmoja analifunga, mwingine analipwa kulifungua, na abiria ndiye anayewalisha wote wawili. Wengine watanikumbusha kuwa mgeni ana pasi ya BritRail, inayouzwa kwa wasio wakazi tu, na anaweza kupanda treni siku kadhaa bila kuhangaika. Hapo nasimama kwa heshima, maana pasi hiyo ni kukiri kosa kwa maandishi. Mnajua kabisa tiketi rahisi inafananaje, mmeitengeneza, mkaipiga marufuku kwa wakazi wenu. Tena ili mgeni ajue kama pasi itamlipa au itamtia hasara, inabidi kwanza ajue nauli za safari zote tano akinunua mojamoja, na hapo anarudi kwenye zile milioni 55.

Jibu la mwisho ni kwamba dawa iko jikoni. Reli zinarudi kwa umma, South Western Railway ikitangulia tarehe 25 Mei 2025 chini ya sheria ya mwaka 2024, na shirika jipya la Great British Railways litaweka makao yake Derby. Nauli zinazodhibitiwa na serikali England zimesimamishwa zisipande hadi Machi 2027, jambo ambalo halikuwa limefanyika kwa miaka 30. Asante, kwa dhati. Lakini nauli iliyosimamishwa bado ni nauli iliyochanganyikiwa, sema tu haikui. Na kumbuka LNER imekuwa ya umma kwa miaka kadhaa huku tiketi zake zikiendelea kuwa fumbo. Kubadili mwenye reli hakubadili bei inavyoandikwa, isipokuwa mtu aamue kuiandika upya.

Hapa ndipo babu zenu wanapowaaibisha. Mwaka 1842 kampuni za reli zilizokuwa zikichukiana zilianzisha ofisi ya pamoja ya kugawana mapato, ili abiria anayepita kwenye reli za kampuni mbili au tatu awe na tiketi moja tu. Mwaka 1844, chini ya waziri William Gladstone, Bunge lenu lilizilazimisha kampuni za reli ziendeshe angalau treni moja kwa siku kila upande, yenye paa la kumkinga abiria wa daraja la tatu, kwa nauli isiyozidi peni moja kwa maili. Mfua chuma asiyejua kusoma aliweza kupiga hesabu ya safari yake kwa vidole. Wazo hilo lilipotea kwenu, likaonekana kwetu: mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, LATRA, ilipotangaza nauli za reli ya kisasa (SGR) ya Tanzania mwaka 2024, ilianza na shilingi 69.51 kwa kilomita kwa treni ya kawaida, na Dar es Salaam hadi Dodoma ikawa shilingi 31,000. Kenya, daraja la kawaida Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 tangu mwaka huo huo, ununue leo au ununue mwezi kabla. Najua hatuna stesheni zaidi ya 2,500 kama ninyi, na sisemi kwamba huku hakuna foleni wala mtandao unaogoma. Lakini wingi wa stesheni ndiyo sababu ya kutumia kanuni moja.

Kwa hiyo naomba mojawapo kati ya mambo mawili. Ama mrudishe kanuni inayoweza kuandikwa kwenye ubao wa stesheni ikasomwa na mtu aliyebeba begi, kiwango kwa kilomita na punguzo la wazi kwa saa zisizo na msongamano, ikitumika kwenye kila treni mnayoimiliki. Ama, mkishindwa, mtoe huo mtaala, na katika fomu ya viza, baada ya swali la fedha za matumizi na jina la mwenyeji, mwongeze swali moja la hesabu ili mwombaji ajue mapema kama anaweza kumudu kwenda Bath.



Wako katika ujenzi wa reli,
Msafiri Mtarajiwa

Nakala: LATRA, Dodoma, kwa taarifa, na kwa ombi kwamba wasitume ujumbe wa mafunzo London kabla suala hili halijapatiwa ufumbuzi.